Kupanga na Kutunza Miti ya Jiji Linalokua: Hesabu Ianze na Maji

Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Dodoma ikiwa na watu 410,956, na ile ya 2022 ikalikuta jiji hilo likiwa na watu 765,179. Watu hao wote wamehitaji viwanja, na kiwanja kipya kwa kawaida huanza na greda linalosafisha kila kilichoota. Wakati huohuo jiji liko katika nyanda kame za kati, ambako mvua ya mwaka ni takriban milimita 570 nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kisha hufuata miezi saba ya ukame na upepo. Tangu kampeni ya Dodoma ya Kijani ilipozinduliwa mwaka 2017, hamasa ya kupanda imekuwa kubwa. Kazi ambayo bado ni ngumu ni kuufikisha mche kwenye mwaka wake wa tatu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya maofisa wa halmashauri, wenyeviti wa mitaa na kamati za mazingira, lakini mengi yaliyomo yanafaa kwa mji wowote wa nyanda kavu.

Kabla ya kuagiza mche hata mmoja, hesabu miti iliyopo. Misitu ya jiji si bustani pekee. Ni miti ya barabarani, ya shuleni na makaburini, ya kwenye makorongo na vilima, na ile iliyo ndani ya ua za watu. Gawanya kazi hiyo kwa mitaa, na kwa kila mti andika jina lake la kienyeji, mahali ulipo, unene wa shina ukipimwa mita 1.3 kutoka ardhini, na hali yake: mzima, umejeruhiwa, au unahatarisha wapita njia. Simu yenye uwezo wa kuonesha mahali inatosha kwa kazi hii, pamoja na vijana wawili wa mtaa ambao wazee wamewafundisha kutofautisha mgunga na mkwaju.

Katika hesabu hiyo, usivipite visiki. Wakulima wengi wa mkoa wa Dodoma wanaifahamu njia ya Kisiki Hai: kisiki kilichokatwa huachwa kichipue, machipukizi machache yenye nguvu huchaguliwa, mengine hupogolewa, na baada ya misimu michache mti unasimama tena. Kwa jiji, njia hii ina thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kisiki kina mizizi iliyokwisha kuyafikia maji ya chini na hakihitaji boza. Hivyo, wapima ardhi wanapoingia katika eneo jipya, ofisa misitu aingie pamoja nao, na mibuyu, migunga na visiki hai vioneshwe kwenye mchoro kabla ya mipaka ya viwanja kukatwa. Barabara ya mtaa inaweza kusogezwa mita mbili kwenye karatasi bila gharama yoyote, lakini mbuyu uliong'olewa hautapata mrithi wa kimo chake katika umri wa mjukuu wa yeyote kati yetu.

Baada ya hapo ndipo idadi ya miche ipangwe, na kinachoipanga ni maji ya kiangazi. Chukua mfano rahisi. Mche mmoja ukipewa lita 20 kwa wiki, kwa wiki 30 za kiangazi utahitaji lita 600. Miche 1,000 itahitaji lita 600,000, yaani safari 60 za boza la lita 10,000, na hayo ni ya mwaka wa kwanza tu. Kama bajeti ina dizeli ya safari 20, panda miche isiyozidi 330 na uitunze yote. Ni vigumu kumshawishi kiongozi anayetaka kutangaza maelfu, lakini hesabu hii akiwekewa mezani mapema huieleza hoja vizuri kuliko maneno. Maji hayo yasitolewe kwenye mabomba ya wananchi ambao wenyewe wana mgao. Zungumza na mamlaka ya maji kuhusu maji yaliyotibiwa ya mabwawa ya majitaka, na kila nyumba ihimizwe kumwagilia mti wake kwa maji yaliyooshea mboga.

Kalenda nayo ifuate mvua. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni 1 Aprili, tarehe inayofaa maeneo yenye masika marefu, ila kwa Dodoma mvua wakati huo inaaga. Mche wa Aprili hukutana na kiangazi kabla mizizi haijashuka. Panda mara ardhi inapolowa vizuri, Desemba au Januari, na siku ya Aprili itumike kukagua, kupalilia na kuweka matandazo. Kwa kuwa mwaka wa fedha huanza 1 Julai, fedha za kitalu ziombwe zitoke robo ya kwanza. Mbegu za mwarobaini zioteshwe zikiwa mbichi, maana hupoteza uwezo wa kuota ndani ya wiki chache. Za mbuyu na mgunga zina ganda gumu na hulowekwa kwanza katika maji ya moto.

Kuhusu aina za miti, kanuni iliyopendekezwa na Mmarekani Frank Santamour mwaka 1990 bado ni kipimo kizuri: aina moja isizidi asilimia 10 ya miti yote ya mji, jenasi moja, yaani kundi la aina zinazokaribiana, isizidi asilimia 20, na familia moja isizidi asilimia 30, ili mdudu au ugonjwa mmoja usiangamize vivuli vyote. Miji yetu mingi ya nyanda kavu imeegemea mwarobaini, na sababu inaeleweka, kwa kuwa huvumilia ukame na kivuli chake ni kizito. Uendelee kupandwa, ila uchanganywe na mkwaju, mgunga na mjohoro. Muashoki unapendwa kwa unyoofu wake, lakini kivuli chake ni chembamba mno kwa kituo cha daladala au uwanja wa shule.

Chini ya nyaya za umeme panda miti isiyozidi mita tano, na kabla ya kuchimba kando ya barabara, pata ramani za mabomba na mpango wa upanuzi kutoka kwa wakala wa barabara, TARURA au TANROADS. Maeneo ya wazi yawekewe bikoni na kibao kabla ya miche, kwani eneo lisilo na mpaka unaoonekana huvamiwa haraka.

Shimo la sentimita 60 kila upande linatosha. Lizungushie kinga maji lenye umbo la hilali upande wa chini wa mteremko, weka matandazo bila kugusa shina, na uzio wa miiba dhidi ya mbuzi. Miaka ya kwanza pogoa matawi ya chini kidogo kidogo, na usikate kamwe kichwa cha mti mkubwa, kwa sababu machipukizi yanayofuata hushikilia kwa udhaifu na ndiyo huwaangukia watu.

Kila mche uandikwe kwenye daftari la mtaa pamoja na jina la kaya, duka au darasa linaloutunza. Ukaguzi ufanyike kila Juni na kila Novemba, na taarifa inayokwenda kwenye baraza la madiwani itaje miche iliyo hai baada ya misimu mitatu ya mvua. Iliyokufa ipandwe upya Desemba inayofuata, baada ya kuandika kando ya kila mmoja kilichouua: kiu, mchwa, mbuzi au koleo la fundi wa bomba.