Vijana wa Langoni mkienda kupiga muziki Japani, anzeni na mzigo

Tangu habari ienee kwamba vijana wetu wa Langoni, hapa Lamu, wamealikwa Japani, kila baada ya Isha nakamatwa barazani na maswali. Kuna baridi? Watu wa kule wanaujua muziki wetu? Pesa ipo? La mzigo hakuna aliyeniuliza. Nimekwenda mara mbili na kikundi cha taarab, nikipiga ngoma ya dumbaki na kubeba kila kitu ambacho waimbaji hawabebi, kwa hiyo naanza na mzigo.

Lakini viza kwanza, nayo haina maneno mengi. Usiingie kwa viza ya utalii ukapige muziki wa kulipwa. Mwenyeji wenu kule ndiye anayewaombea cheti cha kustahiki viza (Certificate of Eligibility) kwa watu wa uhamiaji wa Japani. Kikitoka anawatumia, nanyi mnakipeleka ubalozi wa Japani Nairobi. Anzeni miezi kadhaa kabla.

Sasa mzigo. Ndege ndogo za uwanja wa Manda zinahesabu kilo, basi vyombo vikubwa vukeni navyo kwa boti hadi Mokowe, bara, mpande basi. Udi ulegezwe nyuzi kabla ya ndege, usiachwe umekazwa. Na kama mnakwenda majira ya baridi, nisikilizeni vizuri. Safari yetu ya kwanza ilikuwa Januari. Hewa ya Tokyo mwezi ule ni kavu, na chumbani hotelini kuna mashine ya joto inayozidi kuikausha. Udi wa Mwalimu wa kikundi chetu umezaliwa na kukulia kwenye unyevu wa bahari, usiku wa tatu tukasikia "tak!" kama mtu amevunja kijiti. Ubao wa mbele ulikuwa umepasuka chini ya daraja la nyuzi, ufa wa urefu wa kidole. Mwalimu hakusema kitu. Alikaa kitandani akaupakata kama mtoto mwenye homa. Tangu siku ile nina dawa yangu: kisanduku cha sabuni cha plastiki, nakitoboa matundu, ndani naweka kipande cha sifongo kilicholoweshwa na kukamuliwa, nakilaza ndani ya mkoba karibu na shingo ya udi. Kila jioni nakiangalia. Safari ya pili hatukusikia "tak".

Mji kwa mji mtakwenda kwa gari au kwa treni. Gari lenyewe mtalicheka: ni Hiace, ileile inayobeba abiria kumi na wanne na kuku wao kati ya Malindi na Mombasa. Kule ilitubeba watu sita na vyombo, na hakuna aliyening'inia mlangoni. Wanaendesha kushoto kama sisi. Barabara kuu ni za kulipia, na bei yake inauma, kwa hiyo mkubaliane mapema nani anailipa. Tokyo hadi Osaka ni kama kilomita 500. Kwa treni ya kasi ni saa mbili na nusu, kwa Hiace ni siku nzima ya kuona vituo vya mapumziko.

Mkipanda treni ya kasi ya njia hiyo, begi ambalo urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa vinapita sentimita 160 linataka kiti maalumu kilichokatwa mapema. Ala za muziki zimesamehewa sharti hilo, lakini hazijapewa mahali pa kulala. Na treni haikungoji uage: kituo cha njiani husimama dakika moja au mbili, kisha mlango unafungwa, uwe ndani uwe nje. Mimi nilijifunza kupeleka masanduku kwa huduma ya vifurushi. Unajaza karatasi mapokezini hotelini au hata duka la kona, unalipa, na kesho yake sanduku linakusubiri hoteli ya mji mwingine. Mara ya kwanza sikulala, nikiwaza dumbaki yangu. Ilifika kabla yangu.

Suala la saa. Japani iko mbele yetu kwa saa sita kamili, na hapo Mswahili amepata bahati ambayo wachache wameipata: usiiguse saa yako ya mkono. Kule ikiwa 7:00 asubuhi, saa uliyotoka nayo Lamu inaonyesha 1:00. Yaani saa moja, kwa Kiswahili chetu. Ikifika 19:00, mshale uko kwenye moja tena, saa moja usiku. Mwezi mzima saa yangu ya Lamu ilinisomea Japani kwa Kiswahili.

Kuisoma ni jambo moja, kuitii ni jingine. Ratiba watakayowapa haiandiki "mchana". Itaandika 14:10 hadi 14:35, majaribio ya sauti, kikundi fulani. Osaka tulifika saa nane na dakika ishirini, tukijiona tumewahi. Hakuna aliyetugombeza. Fundi wa sauti aliinamisha kichwa, akatabasamu, na saa nane na dakika thelathini na tano akamwita wa baadaye. Tulipiga usiku ule fidla ikilia kama mbu, kwa sababu hakukuwa na muda wa kuirekebisha. Ningependelea kutukanwa. Jambo jingine: atakayepiga mwisho ndiye anayejaribu sauti kwanza, kwa hiyo kuwa kikundi kikuu hakukupi ruhusa ya kulala.

Kabla ya siku hiyo wataomba mchoro wa jukwaa: nani anakaa wapi, nani anahitaji maiki ngapi, nyimbo zipi kwa mpangilio upi. Ujazeni kweli. Mkiandika nyimbo saba, pigeni saba. Ule mtindo wa kurefusha wimbo kwa sababu ukumbi umechangamka, uacheni kivukoni.

Mkiingia ukumbini msalimieni kila mtu, kuanzia fundi wa taa hadi anayeuza vinywaji. Na salamu ya watu wa jukwaa kule ni ya asubuhi, "ohayo gozaimasu", hata jua likiwa limezama. Ni kama kumwambia mtu sabalkheri baada ya Magharibi. Semeni tu.

Bibi yetu mwimbaji nusura alie usiku wa kwanza. Kwetu ukiimba vizuri watu wanainuka, wanakuja na noti, wanakutunza, mwingine anakushika mkono asiuachie. Kule waliketi kimya, macho mbele, hakuna hata aliyekohoa. Alipomaliza wimbo wakapiga makofi, kisha kimya tena. Akaninong'oneza, "Hawa tumewakosea nini?" Hatukuwakosea chochote. Baada ya onyesho walipanga foleni kwenye meza ya mauzo, wakanunua CD zote tulizobeba, wakaomba kila mmoja wetu atie saini, hata mimi wa dumbaki. Chukueni CD nyingi, bado wananunua. Na chenji iwepo mezani. Nyinyi pia msimwachie mhudumu bakshishi. Atawakimbilia barabarani kuwarudishia.

Chakula kwa Mwislamu kinataka macho. Supu nyingi za tambi zimechemshwa kwa mifupa ya nguruwe, na mirini inayotiwa kwenye michuzi ni kileo cha mchele. Mimi niliishi kwa samaki wa kuchoma kwa chumvi na matonge ya wali yaliyofungwa kwa mwani, ya samaki. Tokyo kuna msikiti mkubwa wa mtindo wa Kituruki mtaa wa Yoyogi-Uehara, na Kobe kuna wa mwaka 1935. Siku nyingine mtaswali kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Kumbukeni tu kwamba huku kibla chetu ni kaskazini, kule ni magharibi ukipinda kidogo kaskazini. Mguu usiuinue kwenye sinki mbele ya watu, tieni udhu kwa chupa. Na habari njema: vyoo vyao vina maji, tena ya moto. Kopo liacheni nyumbani.

Kama kikundi kina taishokoto, kile chombo cha nyuzi na vitufe, iende nanyi hata kama kuna kilo za ziada. Wengi wetu tunaiona chombo cha taarab ya Mombasa, lakini ilibuniwa Nagoya mwaka 1912. Tulipoipiga mjini humo, imeunganishwa na kikuza sauti na inalia kwa ukali wa kwetu, wazee wa mstari wa mbele walitazamana. Baadaye mama mmoja alikuja nyuma ya jukwaa, akagusa vitufe vyake kimoja kimoja, akatupigia polepole kitu cha kitoto, laini mno, sikujua chombo kile kina sauti hiyo. Mpigaji wetu aliomba arudie.

La mwisho ni umeme. Kule ni volti 100, kwetu 240, na plagi zao ni za meno mawili bapa. Nilinunua kikuza sauti kidogo kizuri, nikakichomeka sebuleni kwangu Langoni, kikatoa moshi kabla sijapiga hata dum moja. Someni kibati cha nyuma: kikiandika 100-240, nunueni. Kikiandika 100 peke yake, kiacheni dukani, na pesa hiyo niletee mimi nyuzi za taishokoto, seti mbili.