Namna ya kumsoma C. S. Forester ukiwa Lubumbashi

Wanafunzi wangu hapa Katuba huogopa riwaya za baharini kwa sababu bahari hawajaiona. Kwa Forester, mwandishi wa riwaya Mwingereza, mimi huwaanzisha na The African Queen ya 1935, maana ni fupi na inapita karibu na kwetu. Mwaka 1915 Waingereza walisafirisha mashua mbili za vita, zilizoitwa Mimi na Toutou, kwa treni kutoka Cape Town. Zilipita mjini hapa, enzi za Élisabethville, zikashushwa Fungurume, zikavutwa milimani kwa mashine za mvuke na ng'ombe, mpaka zikaingia Ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba zikaiteka Kingani, meli ya vita ya Wajerumani. Vita hivyo ndivyo vilivyo nyuma ya riwaya, ingawa Forester alibadili hata jina la ziwa. Na kama umeona filamu ya 1951, usijidai unajua mwisho. Kitabuni mambo huisha vingine.

Maisha yake yasikuchukulie muda mrefu: alizaliwa Cairo 1899, akasomea udaktari London bila kumaliza, akafa California 1966. Jina lake halisi ni Cecil Smith.

Sasa ingia kwa Hornblower, ofisa wa kubuni wa jeshi la majini la Uingereza, ambaye Forester alimwandikia riwaya nyingi. Wengi watakuambia ufuate umri wa nahodha, uanze na Mr. Midshipman Hornblower. Mimi sikubali. Hicho kilitoka 1950, wakati mwandishi alikuwa ameshamzoea mtu wake. Anza na The Happy Return ya 1937, umkute Hornblower tayari nahodha, mwenye haya, anayekohoakohoa ili asiseme neno la ovyo mbele ya mabaharia.

Majina ya kamba na matanga yaruke tu. Kwenye kila pigano jiulize jambo moja: upepo unatoka wapi? Meli ya matanga haiwezi kuuelekea upepo moja kwa moja. Huenda mshazari, kushoto kisha kulia. Chora mshale pembeni ya ukurasa na mapigano yatafunguka.

Swali la pili ndilo ninalolipenda zaidi: habari aliyonayo nahodha ina umri gani? Hornblower yuko Pasifiki mwaka 1808, na amri aliyoibeba kutoka London ni ya miezi mingi. Kwa amri hiyo anaiteka Natividad, meli ya vita ya Wahispania, anamkabidhi mwasi mmoja mwendawazimu. Halafu anaambiwa Hispania sasa ni rafiki wa Uingereza! Inabidi airudie meli ileile, yenye mizinga 50, na yeye ana 36. Soma taratibu hapo, uone anavyoamua bila mtu wa kumuuliza.

Tahadhari moja: usifungue A Ship of the Line kabla hujapata Flying Colours. Vyote ni vya Hornblower, vya 1938, na cha kwanza kinakuacha na nahodha mikononi mwa Wafaransa.