Somo: Kuchunguza kama swali la mtihani linapendelea kundi moja

Kila mara naulizwa: "Wavulana waliolipata swali ni asilimia 70, wasichana 55, je, swali lina upendeleo?" Tofauti hiyo peke yake haithibitishi chochote. Tunachotafuta ni kama watahiniwa wenye umahiri sawa, wa makundi tofauti, wana nafasi sawa ya kulipata.

Kwanza, teua kundi la rejea (la kulinganishia) na kundi lengwa (linalohofiwa kuonewa). Pili, wapange watahiniwa kwa alama zao za jumla. Tatu, kwa kila alama hesabu waliopata na waliokosa: tuseme kwenye alama 12 kundi la rejea lina 30 waliopata na 10 waliokosa, na kundi lengwa 20 kwa 20; ukigawa waliopata kwa waliokosa unapata 3 kwa kundi la rejea na 1 kwa kundi lengwa. Nne, unganisha alama zote kwa fomula ya Mantel na Haenszel ya 1959, inayotoa uwiano mmoja wa jumla kati ya makundi hayo mawili, kisha zidisha logi asilia ya jibu kwa −2.35. Jibu hasi maana yake swali linalibana kundi lengwa. Ukubwa usiofika 1 haukusumbui, ukifikia 1.5 na kuthibitika kitakwimu kuwa umezidi 1, swali lirudi mezani.

Hatua ya tano ndiyo iliyoniumbua. Niliwahi kuripoti kwamba maswali kadhaa yanalipendelea kundi lengwa, kumbe yalikuwa safi: maswali mengine mabovu yalikuwa yameshusha alama za jumla za kundi hilo, nami nikawa nawalinganisha watahiniwa wake na wenzao wasiowafikia kwa umahiri. Ondoa yanayoshukiwa, kokotoa jumla upya, rudia uchunguzi. Angalizo: swali linalochunguzwa lenyewe libaki ndani ya jumla, hata kama limeshukiwa.

Swali: Nina watahiniwa 18 kila kundi. Nitumie programu gani?

Jibu: Hakuna. Tafuta watahiniwa zaidi.

Swali: Kwa hiyo 70 kwa 55 ni upendeleo?

Jibu: Rudi aya ya kwanza.

Swali: Nimepata karibu sifuri, lakini nikichora grafu, kundi lengwa linaongoza kwenye alama za chini na kuachwa kwenye za juu. Nimekosea?

Jibu: Hujakosea, ndugu yangu, na heri umechora. Pande hizo mbili hufutana ndani ya fomula hii. Tumia rigresheni ya lojistiki, yaani mbinu ya takwimu inayokadiria nafasi ya mtahiniwa kulipata swali, kama walivyopendekeza Swaminathan na Rogers mwaka 1990: ingiza alama ya jumla, kisha kundi, kisha zao la kuzidisha viwili hivyo, na zao hilo ndilo litakalofichua mpishano.

Swali: Lililonaswa lifutwe?

Jibu: Lisomwe kwanza. Swali la hesabu lenye maelezo marefu huenda linapima usomaji. Hapo fupisha maelezo, hesabu ibaki ileile, kisha lijaribiwe upya.