Kuweka Picha kwenye Ukurasa wa Jiokeshi kwa HTML ya Msingi

Mtu anayetafuta jiokeshi (geocache), yaani kopo lililofichwa ambalo watu hulitafuta kwa GPS kama mchezo, hukutana na ukurasa wake wa mtandaoni kabla ya kukutana na kopo. Namba za latitudo na longitudo zitamfikisha mahali, lakini hamu ya kwenda huipata kwenye maelezo na picha. Nimeficha makopo kwa miaka kadhaa, na kila ninapoandaa ukurasa mpya sehemu ya picha ndiyo inayonichukua muda mrefu zaidi. Kuandika msimbo ni kazi ya dakika tano. Kuchagua picha ya kuonyesha na ya kuacha ndiyo kazi yenyewe.

Hapa nafuata utaratibu wa Geocaching.com, tovuti ya mchezo huu, unaokubali HTML ya msingi (alama zinazokiambia kivinjari namna ya kupanga ukurasa) kwenye maelezo ya jiokeshi. Skripti, yaani programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya ukurasa, hazikubaliwi, na kwa picha huzihitaji.

Hatua ya 1: Chagua picha

Picha nzuri humwonyesha mtafutaji mandhari: daraja, mti mkubwa, mwamba wenye umbo la pekee, mwanzo wa njia ya miguu. Haimwonyeshi tundu lenye kopo. Kidokezo cha maandishi kwenye ukurasa husimbwa kwa ROT13, yaani kila herufi hubadilishwa na ile iliyo nafasi 13 mbele yake, ili asiyetaka msaada asikisome kwa bahati mbaya. Picha haina kinga hiyo. Jicho likishaiona, limeiona. Ikiwa unataka kutoa picha inayofichua, iko njia, nitaieleza kwenye hatua ya 5.

Kuna jambo jingine ambalo wafichaji wengi hulisahau. Simu ikiwa imeruhusiwa kutumia mahali ulipo, huhifadhi latitudo na longitudo ndani ya faili la picha. Kwa jiokeshi ya kawaida hilo si tatizo, kwa kuwa namba ziko wazi. Kwa jiokeshi ya fumbo, ambayo mtu anatakiwa kutegua kitendawili ndipo apate namba halisi, picha moja iliyopigwa pale pale kwenye kopo inaweza kumaliza fumbo lote. Njia rahisi ninayoitumia ni kuifungua picha, kupiga picha ya skrini, kisha kutumia hiyo ya skrini badala ya ile ya awali.

Hatua ya 2: Ipunguze

Picha ya simu ya leo mara nyingi ina upana wa pikseli 4000 na uzito wa megabaiti kadhaa. Mtafutaji anayeufungua ukurasa akiwa msituni, mtandao ukiwa dhaifu, ataisubiri hadi akate tamaa. Mimi huzipunguza picha zangu hadi upana wa pikseli 800 hivi. Picha ya kamera ihifadhi kama JPEG. Mchoro au ramani yenye maandishi ihifadhi kama PNG, kwa maana JPEG huchafua kingo za herufi.

Lipe faili jina fupi lisilo na nafasi, kwa herufi ndogo: daraja.jpg.

Hatua ya 3: Ipakie, kisha nakili anwani yake

HTML haibebi picha. Inaelekeza tu picha ilipo, na kivinjari cha msomaji ndicho kinachokwenda kuichukua. Kwa hiyo picha lazima iwe tayari mtandaoni. Ipakie kwenye ukurasa wa jiokeshi yako mwenyewe, sehemu ya kuongeza picha, badala ya kuazima iliyoko kwenye tovuti ya mtu mwingine. Mwenye tovuti akiifuta au akiihamisha, ukurasa wako unabaki na tundu, na kila anayeutazama ukurasa wako anatumia intaneti ambayo mwenye tovuti hiyo ndiye anayeilipia.

Baada ya kupakia, ifungue picha kwa ukubwa wake kamili, ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague kunakili anwani ya picha. Ni anwani ya picha, si ya ukurasa unaoionyesha. Itazame kabla ya kuendelea: ianze na https, na kwa kawaida iishie na .jpg au .png.

Kosa nililolifanya kwenye kopo langu la kwanza lilikuwa hapa. Niliandika anwani inayoanza na C:, yaani mahali faili lilipokuwa kwenye kompyuta yangu. Kwangu picha ilionekana safi kabisa nilipojaribu msimbo. Kwa wengine wote palikuwa na kisanduku kitupu, na ilipita wiki nzima kabla mtafutaji mmoja hajaniandikia.

Hatua ya 4: Andika lebo ya picha

Fungua ukurasa kwa kuuhariri, nenda kwenye maelezo, hakikisha uko kwenye hali ya kuandika HTML, kisha weka mstari huu pale unapotaka picha itokee:

`<img src="https://ANWANI-YA-PICHA.jpg" alt="Daraja la mawe likionekana kutoka njia ya miguu" width="500">`

*src* ni anwani uliyoinakili. *alt* ni maneno yanayosimama badala ya picha isipofunguka, na ndiyo anayoyasikia mtu asiyeona anayesomewa ukurasa na programu. Yaandike kama unavyomsimulia mtu kwa simu. Usiandike "picha 1". *width* ni upana kwa pikseli. Ukiuacha urefu bila kuutaja, kivinjari kitaukadiria chenyewe na picha haitavutika. Kumbuka kwamba *width* hubadilisha mwonekano peke yake. Uzito wa faili unabaki ule ule, ndiyo maana hatua ya 2 haikwepeki.

Lebo hii, yaani maneno yote yaliyo kati ya < na >, haihitaji lebo nyingine ya kuifunga. Ukitaka picha ikae katikati, izungushie aya:

`<p style="text-align:center"><img src="https://ANWANI-YA-PICHA.jpg" alt="Daraja la mawe" width="500"></p>`

Sasa alama za nukuu, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Programu za kuandikia barua hugeuza nukuu zilizonyooka kuwa zile zilizopinda. Kwa macho hazitofautiani sana, lakini kivinjari huzihesabu zilizopinda kuwa sehemu ya anwani, na picha haipatikani. Andika msimbo kwenye programu ya maandishi matupu kama Notepad. Na ukisahau nukuu ya kufunga, kivinjari kitameza maneno yanayofuata hadi kikutane na nukuu nyingine, kwa hiyo aya nzima inaweza kutoweka. Ukiona maandishi yamepotea, anza kuitafuta nukuu hiyo.

Hatua ya 5: Picha inayofichua

Badala ya kuionyesha, weka kiungo:

`<a href="https://ANWANI-YA-PICHA.jpg">Picha inayofichua: bofya ukikwama</a>`

Anayetaka msaada atabofya, asiyetaka atapita. Lakini picha uliyoipakia huonekana pia kwenye galari ya ukurasa, yaani sehemu inayokusanya picha zake zote, kwa hiyo huko nako ipe kichwa kinachoonya wazi kwamba inafichua. Ikiwa picha inaonyesha kopo lenyewe, ushauri wangu ni kutoiweka kabisa.

Hatua ya 6: Jaribu kwa macho ya mgeni

Hifadhi, toka kwenye akaunti, halafu ufungue ukurasa kwenye simu. Kama mhakiki, yaani mtu anayekagua jiokeshi kabla haijachapishwa, bado hajauchapisha, tumia hakikisho (mwonekano wa awali wa ukurasa) ukiwa bado ndani ya akaunti, lakini kwenye kifaa tofauti na ulichoandikia. Soma pia maelezo ukijifanya picha hazipo. Vifaa vingi vya GPS vya mkononi huonyesha maandishi pekee, na wengine hupakua maelezo nyumbani kisha huenda porini bila mtandao. Namba za kituo kinachofuata kama jiokeshi ina vituo kadhaa, onyo la mteremko, mahali pa kuegesha gari: yote hayo yaandikwe kwa maneno hata kama yamo kwenye picha.

Mazingira yakibadilika, kwa mfano mti uliouonyesha ukikatwa, piga picha nyingine na uipakie. Hiyo mpya itapewa anwani yake, kwa hiyo rudi kwenye maelezo ubadilishe *src* na *alt* kabla ya kuifuta ile ya zamani.