Somo: Kuuza na kununua nyumba yenye hati Tanzania

Wakuu, pesa isitoke kabla ya upekuzi, yaani kukagua kumbukumbu za nyumba ofisi ya ardhi, hata ya "kuishikilia nyumba". Kesi nyingi za nyumba zinaanzia kwenye arubuni iliyolipwa haraka.

1. Iombe hati yenyewe uione, si kivuli. Ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini. Unachonunua ni haki ya kuimiliki kwa miaka iliyoandikwa: 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1995 inaisha 2028, kwa hiyo soma tarehe kabla hujajadili bei.

2. Fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ofisi ya ardhi ya mkoa. Majibu yatakuonyesha mmiliki aliyesajiliwa, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna mtu ameweka zuio. Dai pia risiti za kodi ya pango la ardhi.

3. Mwenzi wa muuzaji. Hapa naomba tutulie. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Muuzaji akisema "mke wangu anajua", mwambie aje asaini mbele ya wakili, na picha yake ibandikwe. Akisema hana mke, aape kwa maandishi, na wewe bado waulize majirani. Mama aliyejenga nyumba hiyo pamoja na mumewe ana haki ya kuulizwa, na mnunuzi mwadilifu hamkwepi.

4. Mkataba uwe wa maandishi. Malipo yapite benki. Muuzaji, kama unalipwa kwa awamu, hati ibaki kwa wakili mliyekubaliana mpaka awamu ya mwisho.

5. Uhamisho: tathmini ya mthamini, kodi ya ongezeko la mtaji TRA (ni ya muuzaji), ushuru wa stempu, idhini ya Kamishna wa Ardhi, kisha usajili. Usihesabu umemaliza mpaka jina lako lisomeke kwa Msajili.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwenyekiti wa mtaa anataka asilimia 10 ya bei ili agonge muhuri. Nilipe?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Hakuna sheria inayompa fungu hilo. Anaweza kushuhudia kwamba anawafahamu, lakini muhuri wake hauthibitishi umiliki.

Swali: Baba amefariki, ndugu wote tumekubali kuuza. Muhtasari wa kikao cha ukoo unatosha?
Jibu: Pole sana, dada. Hautoshi. Kikao kinapendekeza msimamizi wa mirathi. Mahakama ndiyo inayomteua. Yeye ndiye atakayesaini mauzo, na ndiye atakayewajibika kugawa fedha kwa warithi.

Swali: Nimepata nyumba Mbagala haina hati, ina karatasi ya mauziano tu. Niiache?
Jibu: Si lazima, ila kwa Msajili hutaikuta. Fuatilia karatasi za mauziano kuanzia mmiliki wa kwanza, tembea mipaka ukiwa na majirani wa pande zote, kisha nenda halmashauri uulize eneo limepangiwa matumizi gani. Likiwa ni hifadhi ya barabara au bonde la mto, achana nalo.