Kukata bati na marumaru kwa mashine ya maji pale karakana ya pamoja, Tanga

Jamani mashine hii ndogo ya mezani inakata kwa maji ya presha kubwa yaliyochanganywa na mchanga wa ganeti (madini magumu ndiyo yanayokata), joto hakuna, kwa hiyo alumini haipindi na marumaru haiungui ukingo. Kioo cha kawaida inakata, ila kioo cha mlango wa gari usiweke kabisa, kile kimekazwa kwa moto kikiguswa tu na maji hayo kinasambaratika chote.

Chora kwenye kompyuta, sevu DXF (aina ya faili la mchoro), na ukumbuke mkato wenyewe una unene wake kama milimita moja hivi, usipohesabu hilo vipande havitaingiliana. Acha vishikizo vidogo ili kipande kisidondoke ndani ya tangi la maji la mashine. Kaza bati kwa skrubu pembe zote, likicheza hata kidogo kazi imeharibika.

Sasa ganeti, hapa ndo penye shughuli. Huku kwetu unyevu wa bahari ni mwingi, mfuko ukiachwa wazi mchanga unashikana na nozo (mdomo mwembamba wa kutolea maji) inaziba katikati ya kazi, so funga kwenye ndoo yenye mfuniko na chekecha kabla hujamimina. (Bonde la Umba mkoani kwetu lina ganeti za vito, ila hizo ni za sonara!)

Ukimaliza zoa tope lote la mchanga, usilimwage kwenye sinki, bomba ni la wote na litaziba. Chuma suuza, futa, paka oili hapohapo, chumvi ya hewa haisubiri kesho.