Namna ya Kumfundisha Lyubov Popova kwa Kitenge, Rula na Bikari

Mwalimu wa sanaa jijini Mwanza anayetaka wanafunzi wake wamwelewe Lyubov Popova, mchoraji wa Urusi aliyezaliwa mwaka 1889 karibu na Moscow, asianze na picha zake za rangi za mafuta. Aanze na kitambaa. Picha alizochora kati ya 1916 na 1918, zenye vipande vya rangi vinavyolaliana na kukatana bila mtu, mti wala nyumba, humtisha anayeziona kwa mara ya kwanza. Kitenge cha duara na mistari, kwa upande mwingine, mwanafunzi huyo alibebewa mgongoni tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kumuuliza kinamaanisha nini.

Nunua kitenge cha aina hiyo katika maduka ya Makoroboi, kitandaze mezani, kisha waagize wanafunzi watafute kwa rula mahali mchoro unapoanza kujirudia. Wakishapapata, waeleze kwamba Popova, ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara tajiri wa nguo, alibuni michoro ya namna hiyo mwaka 1923 na 1924 katika Kiwanda cha Kwanza cha Serikali cha Kuchapa Vitambaa mjini Moscow, akiwa pamoja na msanii mwenzake Varvara Stepanova. Mhakiki Yakov Tugendhold alisimulia kwamba kumwona mkulima au mfanyakazi akinunua kitambaa alichokibuni kulimfurahisha Popova kuliko mafanikio yake mengine yote ya sanaa. Wanafunzi wa Usukuma, ambako pamba imelisha na kusomesha familia nyingi, wataielewa furaha hiyo upesi.

Baada ya hapo rudi nyuma hadi 1912, alipokwenda Paris na rafiki yake Nadezhda Udaltsova kusoma katika shule ya La Palette, chini ya Jean Metzinger na Henri Le Fauconnier. Huko alijifunza kubizimu, yaani kukitazama kitu kutoka pande kadhaa na kuziweka pande hizo pamoja katika picha moja. Maelezo ya mdomo hayatoshi hapa. Wapeleke wanafunzi kwenye mawe ya Capri Point, kila mmoja achore rundo lile lile la mawe akiwa amesimama pande tatu tofauti, kisha aiunganishe michoro hiyo kwenye karatasi moja, akiacha kingo za mawe zikatane. Ndipo uwaonyeshe picha za Popova za 1914 na 1915, na utaona wanazisoma bila kusaidiwa.

Mwaka 1921 unastahili muda mrefu kuliko mingine. Mwaka huo Popova, Stepanova, Alexandra Exter, Alexander Rodchenko na Alexander Vesnin walifanya mjini Moscow maonyesho yaliyoitwa 5x5=25, kila mmoja akileta kazi 5, na baadaye Popova akaacha kuchora picha za kutundikwa ukutani, kwa kuwa aliamini msanii anapaswa kutengeneza vitu vinavyotumika katika maisha ya watu. Wapo wanaouchukulia uamuzi huo kama mwisho wa mchoraji; mimi sikubaliani nao kabisa. Mwaka 1922 alibuni jukwaa la tamthilia ya Fernand Crommelynck iliyoongozwa na Vsevolod Meyerhold, likiwa na ngazi, milango na magurudumu yaliyozunguka mchezo ukiendelea, na hivyo maumbo yaliyokuwa kwenye turubai yakawa mbao ambazo waigizaji walizipanda.

Kifo chake kielezwe bila kupambwa: mumewe alifariki kwa taifodi mwaka 1919, na Mei 1924 homa nyekundu ilimchukua mwanawe mdogo, kisha yeye mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 35.

Mwishoni kila mwanafunzi achore kwa rula na bikari maumbo machache, kwa rangi mbili tu, katikati ya karatasi ya mraba, bila kugusa kingo. Aikate karatasi katikati kwa wima, kipande cha kulia akihamishie kushoto, aunganishe kwa selotepu na kujaza pengo lililobaki katikati. Kisha aikate kwa mlalo na kufanya vivyo hivyo kwa nusu ya juu na ya chini. Sasa mchoro unaweza kujirudia pande zote. Toa nakala kadhaa, zibandike pamoja, na umzungushie mwanafunzi mmoja kiunoni kabla ya kutoa alama, maana Popova alibuni magauni pia, na mstari ulionyooka mezani hupinda ukifika mwilini.